Nebukadreza alimkiri Mungu kweupe, ila kuna neno moja hakulitamka mpaka mwisho

#1 (mleta uzi)

Wakuu salama?

Juzi jumuiyani tumesoma Danieli sura ya 4, mzee mmoja akauliza kiutani tu, hivi huyu Nebukadreza tutamkuta mbinguni au? Aisee likawa bishano, chai ikapoa, kila mtu na lake, wengine jamaa alitubu kabisa, wengine aah yule mpagani tu alibanwa akakiri. Nikarudi nyumbani nikasema ngoja nisome upya kuanzia sura ya 1, nimemaliza saa nane usiku, na kuna kitu nimekiona ambacho pale jumuiyani hatukukigusa kabisa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu hatutagombana.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Ni Nebukadreza wa pili, katawala Babeli 605 KK hadi 562 KK. Jina lake kwa Kiakadi ni Nabu-kudurri-usur, yaani ewe Nabu mlinde mrithi wangu, kwa hiyo kabla hajafungua mdomo jina lenyewe tayari ni dua kwa mungu mwingine. 597 KK akaiteka Yerusalemu (hii ipo hata kwenye vibao vya udongo vya Wababeli wenyewe, sio Biblia tu), akamchukua mateka mfalme Yehoyakini. Zedekia aliyewekwa badala yake akaasi, jamaa akarudi, na safari hii, 587 au 586 KK, hekalu likachomwa moto, kuta zikabomolewa, watoto wa Zedekia wakachinjwa baba yao anaangalia alafu na yeye akatobolewa macho. Yaani kitu cha mwisho alichokiona duniani ni hicho. Huyo ndo mtu tunayejadili kama tutamkuta mbinguni.

Sasa jifanye wewe ni Myahudi uliyepelekwa Babeli. Enzi hizo vita haikuwa ya watu peke yao, ilikuwa ya miungu pia. Mji wako ukianguka maana yake mungu wako kapigwa, na mshindi anazoa vyombo vya hekaluni kwako anaenda kuviweka kwa mungu wake, kama timu inavyobeba kombe ikaliweka kabatini wageni walione. Na ndo Danieli inavyoanza, mstari wa pili tu, vyombo vya nyumba ya Mungu vinapelekwa Shinari (yaani Babeli) vinawekwa kwenye hazina ya mungu wa Nebukadreza. Ila hapohapo mwandishi kachomeka maneno ambayo wengi tunayaruka, anasema ni Bwana ndiye aliyemtia Yehoyakimu mkononi mwake. Hasemi Nebukadreza kashinda. Anasema kapewa.

Jamaa mwenyewe hajui kama kapewa, na ukiniuliza mimi sura nne za kwanza zote ni safari ya kumfahamisha hicho kitu kimoja.

Angalia anavyokiri, ni mara tatu. Sura ya 2 Danieli kamwambia ndoto na tafsiri yake, mfalme anaanguka kifudifudi anasema hakika Mungu WENU ni Mungu wa miungu. Sura ya 3 vijana wametoka kwenye tanuru hata harufu ya moshi hawana, anasema ahimidiwe Mungu wa SHADRAKA, MESHAKI NA ABEDNEGO, alafu hapohapo anatoa amri atakayemsema vibaya akatwe vipandevipande na nyumba yake iwe jaa. Unaona jamaa? Hata akikiri anakiri kwa panga. Dakika chache kabla alikuwa anawachoma watu wasiosujudia sanamu yake, saa hii yuko tayari kuwakatakata wasiomheshimu Mungu wa hao aliokuwa anawachoma.

Ya tatu ni sura ya 4 na hii ni ya aina yake, maana sura nzima ni barua ya mfalme kwa watu wa kabila zote na lugha zote. Mfalme wa kipagani anaandika waraka ndani ya maandiko ya Kiebrania (ingawa kipande hiki kimeandikwa kwa Kiaramu, tokea 2:4 hadi mwisho wa sura ya 7) akimsifu Mungu wa watu aliowateka. Sijui kama kuna sehemu nyingine mpagani kapewa maiki kwa urefu huu.

Ndoto mnaijua, mti mkubwa kilele kinafika mbinguni, ndege wanakaa kwenye matawi, wanyama wanapata kivuli, anashuka mlinzi mtakatifu anasema ukateni, ila kisiki kiacheni kifungwe kwa pingu ya chuma na shaba. Danieli akisikia anakosa raha karibu saa nzima. Tafsiri: mti ni wewe. Utafukuzwa kwa watu, utakula majani kama ng'ombe, nyakati saba zitapita juu yako mpaka ujue Aliye juu ndiye anayetawala katika ufalme wa wanadamu na humpa amtakaye.

Humpa amtakaye. Rudi sura ya 1 mstari wa 2. Ni neno lilelile la kupewa.

Alafu Danieli anamshauri, achana na dhambi zako kwa kutenda haki na kuwahurumia maskini. Hapo kwenye haki Kiaramu ni sidka, ndugu kabisa na sadaka yetu iliyotufikia kwa Kiarabu. Na tukiwa hapohapo, hilo jina Aliye juu kwao ni Illaya, ni mzizi uleule wa hii Taala tunayosikia kwenye Allah Taala. Sijui nyie ila mimi nikiona hivi najisikia kama maneno haya yametoka mtaa wa pili.

Mwezi wa kumi na mbili baada ya ndoto yuko anatembea juu ya jumba lake, anaangalia mji, anasema huu si ndio Babeli mkubwa nilioujenga mimi, kwa nguvu zangu, kwa utukufu wangu. Na kusema ukweli hakudanganya kuhusu kujenga. Wajerumani chini ya Robert Koldewey walichimba pale kuanzia 1899 mpaka 1917, lile lango la Ishtar la matofali ya bluu wakaenda kulisimamisha Berlin, na tofali za mji ule maelfu kwa maelfu zina muhuri wa jina lake, Nebukadreza mfalme wa Babeli, mtunzaji wa Esagila na Ezida (mahekalu ya miungu yao), mwana wa kwanza wa Nabopolasa. Mtu anagonga jina mpaka kwenye tofali ambalo litafunikwa na tofali lingine! Miaka ya 1980 Saddam Hussein akarudia kujenga juu ya magofu yaleyale na yeye tofali zake akazigongea jina lake. Hamna aliyejifunza.

Neno likiwa bado mdomoni, sauti kutoka mbinguni, ufalme umeondoka kwako. Na hapa ndo nilishtuka saa nane usiku. Angalia nani anaongea. Mwanzo wa sura ni mfalme anaongea kwa kinywa chake, mimi Nebukadreza, niliota, niliona. Ikifika pale kwenye kuanguka, "mimi" inapotea. Inakuwa YEYE, alifukuzwa, alikula majani, mwili wake ulilowa umande, nywele zikawa kama manyoya ya tai na kucha kama za ndege. Mfalme hana sauti tena, mtu mwingine anamsimulia. Alafu mstari wa 34 anainua macho mbinguni, na "mimi" inarudi, akili zangu zikanirudia, nikamhimidi Aliye juu. Mwandishi kamnyang'anya hadi kiwakilishi chake!!

Kingine, Yeremia 27 Mungu anamwita huyuhuyu mtumishi wangu na anasema hata wanyama wa kondeni nimempa wamtumikie, na Danieli 2:38 inarudia, wanyama na ndege umepewa wewe. Sura ya 4 yuko nao kondeni, anakula nao, na kucha zake ni za ndege.

Sasa nirudi kwa mzee wa jumuiyani. Nimetafuta kwenye kinywa cha Nebukadreza neno MUNGU WANGU likimhusu Mungu wa Israeli. Halipo. Kuna Mungu wenu, kuna Mungu wa Shadraka, kuna Aliye juu, mwisho kuna Mfalme wa mbinguni. Sehemu pekee kwenye sura ya 4 anaposema mungu wangu ni pale anapoeleza Danieli aliitwa Belteshaza, kwa jina la mungu wangu, na huyo ni Beli, mungu wa Babeli. Kwa hiyo mimi msimamo wangu, sura hii wala haikuandikwa kutuambia jamaa aliokoka au hakuokoka. Imeandikwa kwa ajili ya wale mateka na watoto wao, wamsikie aliyechoma hekalu akisema kwa mdomo wake kwamba Mungu wenu hakupigwa siku ile.

Karibuni, ila matusi hapana.

#2

Naweka kambi hapa, nimetoka kuchota maji ndo naanza kusoma.

#3

Mkuu uzi mzuri ila ngoja nikutibulie kidogo. Wataalamu wengi wanasema stori ya kuugua miaka saba haikuwa ya Nebukadreza, ilikuwa ya Nabonido, mfalme wa mwisho wa Babeli, 556 hadi 539 KK. Yule kweli aliacha mji wake akaenda kukaa Tema huko Arabuni miaka kumi, mwanae Belshaza akaachiwa kazi. Makuhani wa Marduki, mungu mkuu wa Babeli, hawakumpenda kabisa maana yeye alikuwa mtu wa Sini, mungu mwezi. Na pale Qumran, kwenye mapango ya karibu na Bahari ya Chumvi, pango la nne, kumepatikana kipande cha Kiaramu wanakiita Sala ya Nabonido, anasema alipigwa na ugonjwa mbaya wa ngozi miaka saba akiwa Temani, akawa anaomba miungu ya fedha na dhahabu na miti na mawe, mpaka Myahudi mmoja akamwambia ampe heshima Mungu Aliye juu. Sasa hiyo si ndo Danieli 4 hiyohiyo na jina lingine? Na kitabu chenyewe wengi wanaona kilikamilishwa karibu 165 KK wakati wa Antioko wa nne, sio Babeli. Ndo maana Wayahudi wanakiweka kwenye Maandiko mengine, hakipo na Manabii.

#4 (mleta uzi)

Mkuu hujanitibulia, umeniongezea mboga. Hiyo sala naijua na mimi naona inafanana sana, ingawa kumbuka vibao vya matukio ya Nebukadreza vimekatikia karibu 594 KK, yaani miaka kama thelathini ya mwisho ya utawala wake hatuna ile kumbukumbu ya mwaka kwa mwaka, kwa hiyo kusema haikumtokea kabisa napo ni kujiamini.

Ila tuchukulie uko sahihi, stori ilikuwa ya Nabonido. Kwa nini basi mtu aihamishie kwa Nebukadreza? Nabonido hakuwakosea Wayahudi kitu kikubwa. Kukiri kwa Nabonido kungekuwa habari tu ya mfalme mgonjwa aliyepona. Ikihamia kwa aliyechoma hekalu ndo inauma inapotakiwa kuuma. Na kama walikuwa wanaisoma wakati wa Antioko, mfalme aliyenajisi hekalu lilelile, we unadhani walikuwa wanamfikiria Nebukadreza au walikuwa wanamwangalia mwingine wanasema subiri na wewe utakula majani?

#5

Assalaam alaykum wana jukwaa, mimi ni Muislamu ila uzi umenikalia vizuri. Kwetu huyu anaitwa Bukhtunasar, hajatajwa kwa jina kwenye Qur'ani ila wafasiri wengi wanamtaja wakifika mwanzo wa Suratul Israa. Mchangiaji wa #3 hapo kwa Nabonido nikuongezee, kwenye jiwe lake la Harrani katika miji aliyozunguka Arabuni ametaja Yathribu, yaani Madina yenyewe, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Mtume (s.a.w.). Nilipojua hilo nilikaa kimya kwa muda.

Sasa hoja ya mleta uzi ya MUNGU WANGU. Nenda Surat Yunus aya ya 90, Firauni anazama, maji yamefika shingoni, anasema nimeamini hapana mungu ila yule WANAYEMWAMINI WANA WA ISRAILI. Umeona? Hata roho inatoka bado anamtaja kupitia watu wengine. Na akajibiwa, sasa ndo unasema? Linganisha na Bilkisi malkia wa Sabaa kwenye Suratun Naml, yeye anasema Mola wangu nimeidhulumu nafsi yangu, na nimejisalimisha pamoja na Sulaiman kwa Mwenyezi Mungu Mola wa walimwengu wote. Mola WANGU. Na amesema pamoja na Sulaiman, hajasema kwa Mungu wa Sulaiman. Hapo kuna tofauti kubwa ya mtu aliyeshindwa na mtu aliyeingia.

#6

Kwa lugha ya humu jukwaani jamaa alipigwa ban nyakati saba, akafunguliwa akaanza na uzi wa kuwasifia mods 😂😂

#7

Kaka mleta uzi mimi nakupinga na nakupinga kwa upendo. Unahesabu maneno kama mwanasheria. Kwani Mungu anataka nini zaidi? Kainua macho mbinguni KABLA akili hazijarudi, soma vizuri mstari wa 34, macho kwanza alafu akili. Mtu ambaye hana hata akili timamu kaweza kuangalia juu, wewe unamdai kiwakilishi. Naamani yule jemadari wa Shamu naye alisema sasa najua hakuna Mungu duniani kote ila Israeli, hakusema wangu, akaomba mzigo wa udongo wa nyumbu wawili aende nao kwao, tena akaomba asamehewe akiinama nyumba ya Rimoni, mungu wa kwao, na bosi wake, na Elisha akamwambia tu enenda kwa amani. Hakumkatalia!

Na mfalme wa Ninawi kwenye Yona 3, hatujaambiwa hata jina lake, hana hotuba ya theolojia yoyote, anasema tu nani ajuaye kama Mungu atageuka. Akashuka kitini akakaa majivuni na mji ukaokoka. Mimi naamini Nebukadreza tutamkuta, na atakuwa kakaa nyuma kabisa ameinamisha kichwa.

#8 (mleta uzi)

Dada hapo kwenye macho kabla ya akili umenikamata, hilo nilikuwa sijaliona, naandika pembeni. Shehe wa #5 ahsante sana, ile ya Firauni na Bilkisi kesho naipeleka jumuiyani, wakinifukuza nitakuja kulala kwako.

Ila dada, ona tofauti ya huyo wa Ninawi. Yule alishuka MWENYEWE kitini siku aliposikia. Nebukadreza alipewa miezi kumi na mbili akangoja kushushwa. Na hata mwisho, ile 36 na 37, soma kwa makini, anasema enzi yangu ikanirudia, mawaziri wangu wakanitafuta, nikazidishiwa ukuu, alafu ndo anamtukuza Mfalme wa mbinguni. Kuna yangu na wangu kibao, isipokuwa pale nilipokuwa napatafuta. Sisemi ni mwongo, nasema ni mfalme.

Marabi nao walishikwa na hiki kitu wakagawanyika. Kwenye Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, Sanhedrini 92b, kuna kauli kwamba mtu huyu alitaka kumsifu Mungu na kama malaika asingekuja kumpiga kofi la mdomo angeziaibisha nyimbo zote za Daudi. Yaani walikubali sifa zake zilikuwa nzuri KUPITA KIASI, mpaka ikabidi azibwe. Na sehemu nyingine, Bava Batra 4a, wanauliza kwa nini Danieli aliadhibiwa, jibu moja ni kwa sababu alimpa ushauri Nebukadreza. Ile sidka niliyoisema juu. Waliona adui hakustahili hata kuonyeshwa mlango wa kutokea. Hasira ya hekalu ilikuwa bado mbichi miaka mia kadhaa baadae.

Alafu nimalizie na Koreshi, mfalme wa Uajemi aliyeiteka Babeli, maana najua kuna mtu anakuja naye. Ezra 1 anasema Bwana Mungu wa mbinguni kanipa falme zote za dunia. Ila ile silinda yake ya udongo iliyochimbuliwa Babeli 1879, ipo London, anasema ni Marduki aliyemtafuta, akamshika mkono, akamwita kwa jina. Sasa fungua Isaya 45, Bwana anamwambia Koreshi nimekushika mkono wa kuume, nimekuita kwa jina lako, ingawa wewe HUKUNIJUA. Maneno karibu yaleyale, mkono na jina, watu wawili wanagombea nani alimshika. Na Isaya hajidanganyi kwamba Koreshi anajua. Anamwita masihi wa Bwana na anakubali kwamba masihi mwenyewe hana habari.

Na ni Koreshi huyo aliyetoa vile vyombo kabatini akavirudisha. Vyombo vya Danieli 1:2, vilivyonywewa pombe na Belshaza sura ya 5, Ezra 1 vinahesabiwa kimoja kimoja mbele ya Mithredathi mtunza hazina na kukabidhiwa Sheshbaza. Vyote elfu tano na mia nne.

#9

Mkuu mimi ni mhasibu samahani. Nimefungua hiyo Ezra 1 nikajumlisha. Sinia za dhahabu 30, za fedha 1,000, visu 29, mabakuli ya dhahabu 30, mabakuli ya fedha 410, vyombo vingine 1,000. Jumla ni 2,499. Hiyo 5,400 imetoka wapi? Vingine 2,901 viko wapi??

#10 (mleta uzi)

😂😂 Mkuu umenipata. Wafasiri wengine wanasema orodha imetaja vikubwa tu, wengine wanasema mnakili aliteleza kwenye namba. Chagua unalotaka. Ila hicho kikao cha Mithredathi ungekuwepo wewe, mpaka leo wangekuwa bado hawajatoka Babeli.